Kupima metali nzito kwenye viumbe wa chini ya mto unaopita mjini: mwongozo kamili, kutoka kwenye tope hadi kwenye namba

Ukichota chupa ya maji kwenye mto unaopita mjini ukaipeleka maabara, unachopata ni habari za dakika ile uliyochota, basi. Kiwanda kikifungulia bomba lake saa nane usiku, wewe ukifika saa mbili asubuhi yale maji yashaenda zake na unaletewa karatasi inayosema mto uko poa. Ndio maana wanaofuatilia metali nzito kwa dhati huwa wanaangalia chini, kwenye tope, na hasa kwa wale viumbe wadogo wasio na uti wa mgongo wanaoishi humo: minyoo, mabuu ya wadudu, konokono, kome, kaa. Hao hawahami kirahisi, wanakaa pale pale wiki hadi miezi, kome wengine miaka, na muda wote huo wanakula na kupumua kilichopo, kwa hiyo sehemu ya kile kinachopita inabaki mwilini mwao.

Ila kuna jambo moja likae kichwani kabla hujanunua hata wavu. Namba ya metali ndani ya mnyama, ikiwa peke yake, haikwambii kitu. Shaba miligramu 60 kwa kilo kwenye konokono inaweza kuwa kawaida kabisa, namba hiyo hiyo kwenye buu la mdudu ikawa ya kushtua. Namba inaanza kuongea pale unapomweka mnyama wa chini ya mji (pale mto umeshaupita mji) pembeni ya mwenzake wa aina ile ile, ukubwa ule ule, anayeishi juu ya mji (kabla mto haujaufikia), wote wakiwa wametapishwa matumbo, yaani wameachwa watoe kinyesi chao, na kupimwa kwa njia moja. Karibu hatua zote hapa chini zinalinda huo ulinganisho tu. Mashine ni sehemu rahisi, data nyingi zinaharibika kabla hazijafika maabara.

Hatua ya 1: Jua unatafuta nini na kinatoka wapi

Usipime kila kitu kwa sababu tu mashine inaweza. Zinki mjini inatoka sana kwenye mabati ya paa na kwenye matairi yanayosagika barabarani, shaba kwenye breki za magari na nyaya, kromiamu kwenye viwanda vya ngozi na vya kupaka nikeli na kromu, kadmiamu kwenye betri na rangi fulani, zebaki kwenye vifaa vya zamani vya hospitali, makaa ya mawe na uchenjuaji wa dhahabu. Risasi ina kisa chake: petroli ya magari yenye risasi iliisha kuuzwa duniani mwaka 2021 Algeria ilipoacha, lakini ile iliyomwagika miongo yote hiyo iko kwenye udongo wa kando ya barabara na kila mvua inashusha kidogo mtoni. Metali haiozi, kumbuka hilo. Inahama tu.

Ongeza aluminiamu kwenye orodha hata kama hujali aluminiamu. Utaihitaji hatua ya 6, na ni kitu ambacho watu wanakisahau halafu wanashindwa kutetea majibu yao.

Hatua ya 2: Chagua vituo

Angalau viwili juu ya mji, viwili au zaidi ndani yake, na viwili chini. Kwa nini viwili juu? Kwa sababu kituo kimoja kikiwa na kasoro yake ndogo, labda shamba lenye dawa za shaba au mwamba wenye nikeli na kromiamu ya asili, huna kingine cha kukisahihisha. Juu ya mji haimaanishi safi, inamaanisha kabla ya mji tu.

Vituo vyote vifanane chini: tope na tope, kokoto na kokoto. Metali zinapenda kushikamana na chembe laini, kwa hiyo ukilinganisha mchanga wa juu na tope la chini utapata tofauti kubwa ambayo mji hauhusiki nayo. Usisimame mdomoni mwa bomba, shuka mpaka pale maji ya bomba yameshachanganyika na mto. Kwenye daraja chukua sampuli upande ule mto unakotokea, maana daraja lenyewe linadondosha zinki na uchafu wa barabara. Nenda kipindi maji yametulia, sio siku mbili baada ya mafuriko, kwani mafuriko yanabeba tope na wakazi wake na kuleta wageni.

Na usalama: mto wa mjini una majitaka. Vaa buti ndefu na glavu ndefu, funika vidonda, usiende mwenyewe, na kama eneo lina kichocho usiingize ngozi yako majini hata kidogo.

Hatua ya 3: Chagua mnyama (hapa ndipo kazi ilipo)

Kinachowavutia watu ni wale wadudu wazuri wa maji safi, kwa mfano tunutu wa jamii ya Baetis wenye mikia mwishoni. Shida ni kwamba wengi wa namna hiyo wanakufa au kukimbia uchafu ukizidi, kwa hiyo utawapata juu ya mji na chini hukuti hata mmoja, na ulinganisho unafia hapo. Unataka mnyama mvumilivu, anayepatikana kila kituo, anayekaa mahali pake, mwenye mwili wa kutosha kupimika, na ambaye unaweza kumtambua bila kubahatisha.

Kwenye kokoto zenye maji ya kasi, mabuu wa Hydropsyche ni wazuri sana, wale wanaofuma kiwavu kidogo kati ya mawe na kula kinachonaswa. Kwenye tope lenye oksijeni kidogo kuna mabuu mekundu ya Chironomus, jamaa wa mbu wasiouma, ambao wekundu wao ni hemoglobini inayowasaidia kuishi pale wengine wanakosa pumzi. Kuna na minyoo ya Tubifex na Limnodrilus, inayozamisha kichwa kwenye tope na kuacha mkia juu ukipunga, na inakula lile tope lenyewe. Kome wadogo wa Corbicula wanachuja maji, wanaishi muda mrefu na hawakimbii, kwa hiyo wanakupa kumbukumbu ndefu zaidi.

Ukiweza chukua aina mbili zinazokula tofauti, mmoja mla tope na mwingine mchuja maji. Namba za wote wawili zikipanda, uchafu uko kila mahali. Akipanda mla tope peke yake huenda unaona deni la zamani lililolala chini, akipanda mchujaji peke yake anza kufikiria kitu kinachoingia mtoni sasa hivi.

Sasa konokono na kaa. Damu ya wengi wao inabeba oksijeni kwa hemosianini, ambayo imejengwa na shaba, kwa hiyo wana shaba nyingi hata kwenye mto msafi kabisa. Ukiwaweka kwenye jedwali moja na mabuu ya wadudu utaandika taarifa ya kutisha bila sababu. Halafu kaa na kamba wengi wanadhibiti shaba na zinki mwilini, yaani mto ukiongezeka uchafu wao wanatoa ziada na namba inabaki pale pale mpaka mfumo uzidiwe, hivyo kaa anaweza kukuonyesha zinki ya kawaida ilhali mto umeharibika. Kadmiamu na risasi ni habari nyingine, hazina kazi inayojulikana kwa wanyama hawa, zinaingia na nyingi zinafungwa kwenye protini za metalothioneini au kwenye vipunje vidogo ndani ya seli na kukaa humo.

Ukubwa nao ni muhimu. Buu dogo na buu kubwa la aina moja havina kiwango sawa, maana anayekua haraka anaipunguza metali kwa kuongeza nyama. Weka kipimo cha urefu tangu mwanzo, mfano mabuu ya hatua ya mwisho tu, na usilegeze hata wakiwa adimu.

Hatua ya 4: Vifaa

Chupa, sahani na vijiko vya plastiki, vyote viloweshwe kwenye asidi ya naitriki asilimia 10 usiku mzima halafu visuuzwe mara kadhaa kwa maji yaliyoondolewa ayoni. Kibanio kiwe cha plastiki, chuma cha pua kina kromiamu na nikeli. Glavu zisiwe na unga ndani kwa sababu unga huo mara nyingi una zinki. Losheni ya kuzuia jua nayo, nyingi zina oksaidi ya zinki, na tumbaku ina kadmiamu, kwa hiyo anayevuta asishike sampuli. Inaonekana kama usumbufu, ila unapima vitu vya miligramu kwa kilo kwenye mnyama mwenye uzito wa miligramu chache, chochote kinaonekana.

Hatua ya 5: Kukamata

Kwenye kokoto, wavu wenye matundu ya nusu milimita unauweka upande maji yanakoelekea, unavuruga mawe kwa mguu mbele yake, maji yanawaleta wenyewe. Kwenye tope lenye kina tumia kikamata-tope cha Ekman, kisha chekecha kwa maji ya mto ule ule. Mwaga kwenye sinia jeupe na uwachague wakiwa hai.

Usiwatie kwenye pombe wala formalini wale wa kupimwa metali. Vimiminika hivyo vinavuta metali kutoka mwilini na vyenyewe vinaweza kuwa na uchafu. Wachache weka kwenye ethanoli pembeni kwa ajili ya utambuzi tu.

Wangapi? Piga hesabu ya uzito. Wanyama hawa ni maji kama asilimia 80, kwa hiyo ukitaka gramu 0.1 ya unga mkavu unahitaji kama nusu gramu ya walio hai, ambayo kwa mabuu madogo ni makumi ya vichwa. Unawaunganisha kuwa sampuli moja ya pamoja. Tengeneza angalau sampuli tatu kama hizo kila kituo, tano ni bora zaidi, na kila moja itoke sehemu tofauti ya kituo, sio kugawa rundo moja mara tano halafu kusema una marudio.

Pale pale chota na tope la juu, sentimita 2 za kwanza, hapo ndipo wanapoishi wengi. Andika pH, joto, oksijeni, na ugumu wa maji kama una kifaa, kwani maji magumu yenye kalisi nyingi kwa kawaida yanapunguza metali inayoingia mwilini.

Hatua ya 6: Kutoa tope tumboni

Hatua hii ikirukwa nyingine zote ni bure. Mnyoo anayekula tope ni bomba lililojaa tope, ukimkausha na kumpima mzima mzima unapima tope lililovaa ngozi ya mnyoo. Kwa hiyo unawaweka kwenye maji safi, bila tope, mahali pa baridi, mpaka watoe kinyesi. Minyoo ya tope inamaliza sehemu kubwa ndani ya saa 6 hadi 8, mabuu na kome wape kama saa 24. Badilisha maji katikati maana wanakula tena kinyesi chao. Hydropsyche wanashambuliana, kwa hiyo watie vipande vya wavu wa plastiki wajifiche au watenganishe.

Usiwaache siku nyingi ukidhani unawasafisha zaidi. Wakikaa na njaa wanapungua uzito na metali ya mwilini nayo inaanza kutoka, sasa unapima mnyama mwingine kabisa. Na muda uwe sawa kwa vituo vyote, hata kama unafika nyumbani usiku.

Kuna hali moja ya kutowatapisha: kama swali lako ni samaki anameza nini. Samaki hamsubiri mnyoo aende chooni. Ila liseme hilo waziwazi kwenye ripoti na usichanganye namba hizo na za waliotapishwa.

Aluminiamu sasa. Tope lina aluminiamu nyingi mno na nyama ya mnyama ina kidogo sana, kwa hiyo inakuonyesha tope lililobaki. Tuseme tope lina aluminiamu 50,000 mg/kg na mnyama wako anasoma 500, basi kama asilimia 1 ya uzito wake ni tope. Kama tope hilo lina risasi 200 mg/kg, limechangia risasi kama 2 mg/kg kwenye jibu. Mnyama akisoma risasi 3, sehemu kubwa ya ulichopima haiko mwilini mwake. Fanya hesabu hii kwa kila sampuli, inashangaza ni mara ngapi "mlundikano" wa risasi unayeyuka hapa, wakati kadmiamu mara nyingi inabaki imesimama.

Hatua ya 7: Kukausha na kusaga

Suuza kwa maji ya maabara, wagandishe kwenye friza nyuzi 20 chini ya sifuri. Kome na konokono watolewe kwenye gamba kabla ya kupimwa, gamba ni kalisi na litakupunguzia namba zote. Kausha kwa kugandisha kwenye ombwe kama kifaa kipo, la sivyo oveni ya nyuzi 60 mpaka uzito usibadilike. Kama unapima zebaki usitumie joto kubwa, inapotea hewani. Saga kwa kinu cha agati au cha plastiki.

Hatua ya 8: Maabara

Unga unayeyushwa kwa asidi ya naitriki kali na haidrojeni peroksaidi kidogo, kwenye mikrowevu ya maabara au bloku ya joto, ndani ya kabati la kuvuta moshi, na mtu aliyefundishwa. Hii sio kazi ya jikoni. Tope linachekechwa kwanza kupata chembe za chini ya mikromita 63, ndipo lilinganishike kati ya vituo.

Mashine ya kawaida ya AAS yenye moto, inayopima metali kwa mwanga zinaoufyonza, inatosha kwa zinki na shaba. Kadmiamu na risasi zinataka AAS yenye tanuru ya grafaiti badala ya moto, au ICP-MS, mashine inayotenganisha atomi kwa uzito wao. Zebaki ina njia yake, ya mvuke baridi. Ukitumia ICP-MS usiweke asidi ya haidrokloriki, klorini ikiungana na agoni inajifanya aseniki, na kaboni iliyobaki kutoka kwenye nyama inaweza kujifanya kromiamu, kwa hiyo waulize maabara wanazuiaje hilo. Wakikosa jibu tafuta wengine.

Hata kama unalipa tu wakupimie, dai vitu hivi: sampuli tupu zilizopita njia yote bila mnyama, marudio ya sampuli moja, kikomo cha chini cha mashine (kiwango kidogo kabisa inachoweza kupima), na sampuli ya rejea yenye kiwango kinachojulikana ambayo ni ya mnyama, kama TORT-3 ya kamba-mti au unga wa kome. Sampuli ya rejea ya udongo haithibitishi kipimo cha nyama. Majibu ya rejea yakiwa nje ya asilimia 80 hadi 120 ya kiwango chake kinachojulikana, rudisheni kazi.

Hatua ya 9: Hesabu

Kiwango = usomaji × ujazo ÷ uzito mkavu. Mashine imesoma kadmiamu mikrogramu 8 kwa lita, uliyeyusha ukajaza mpaka mililita 25 (lita 0.025), unga ulikuwa gramu 0.1. Nane mara 0.025 ni 0.2, gawa kwa 0.1 unapata mikrogramu 2 kwa gramu, ambayo ndiyo 2 mg/kg uzito mkavu. Kama uliongeza maji kabla ya kusoma, zidisha kwa mara ulizoongeza.

Halafu kuna ule uwiano wa mnyama kwa tope, unagawa kiwango cha mnyama kwa cha tope. Ukizidi 1 mnyama amekusanya kuliko tope alilomo. Watu wanaupenda ila una mtego: tope likizidi uchafu uwiano huwa unashuka, kwa sababu mnyama hapandi kwa kasi ya tope. Unaweza kukuta kituo safi ndicho chenye uwiano mkubwa kuliko vyote. Kwa hiyo utumie kulinganisha metali na metali, kwamba kadmiamu inaingia kirahisi kuliko risasi, na sio kupanga vituo kwa ubaya.

Hatua ya 10: Kusoma majibu bila kujidanganya

Kwa tope kuna viwango vinavyotumika sana, vilivyotolewa na mtafiti MacDonald na wenzake mwaka 2000. Cha chini ni pale ambapo chini yake madhara kwa viumbe hayategemewi, cha juu ni pale ambapo juu yake yanategemewa. Kwa mg/kg uzito mkavu: kadmiamu 0.99 na 4.98, risasi 35.8 na 128, shaba 31.6 na 149, zinki 121 na 459, kromiamu 43.4 na 111, nikeli 22.7 na 48.6, zebaki 0.18 na 1.06.

Tope likivuka cha juu na namba za wanyama zikawa chini, usiseme maabara imekosea. Tope jeusi linalonuka yai bovu lina salfaidi, inayofunga kadmiamu, shaba, risasi, nikeli na zinki zisiingie mwilini, na mboji nyingi nayo inafunga. Ila likichimbuliwa na kupata oksijeni, salfaidi inavunjika na metali inaachiwa, jambo la kukumbuka mji ukitangaza kuchimba mto. Ikitokea kinyume, tope lina metali kidogo na wanyama wamejaa metali, tazama mchanga usioshika metali, na mwani wanaoula.

Namba kubwa mwilini haimaanishi mnyama ameumia, kwa sababu iliyofungwa kwenye vipunje haimdhuru kama ile iliyo huru. Ndio maana uhesabu pia wanyama waliopo: aina gani zimepotea kati ya juu na chini, na angalia vinywa vya Chironomus kwa hadubini, meno yaliyopinda au kukosekana mara nyingi yanaongezeka kwenye tope chafu.

Pia usiandike kwamba kila metali inaongezeka ukipanda kwenye mnyororo wa chakula. Zebaki ikigeuka kuwa methili-zebaki kweli inapanda, na ndiyo iliyowaumiza watu wa Minamata, Japani, waliokula samaki na kome wa ghuba yao, ugonjwa ukatambuliwa rasmi mwaka 1956. Risasi kwa kawaida inapungua kadiri unavyopanda. Kama kuna watu wanaokula kome wa mto huo, linganisha na kikomo cha chakula, mfano Umoja wa Ulaya unaruhusu kadmiamu 1.0 na risasi 1.5 mg/kg kwa kome, lakini huo ni uzito mbichi. Namba zako za uzito mkavu zigawe kwa 5 kama mnyama ni maji asilimia 80, au bora zaidi tumia kipimo chako halisi cha maji. Na hapo tumia kome ambao hawajatapishwa, kama wanavyoliwa.

Kwenye jedwali la mwisho weka kila sampuli na sio wastani tu, aina ya mnyama, urefu, saa za kutapisha, uzito mkavu au mbichi, aluminiamu, na matokeo ya rejea. Zilizo chini ya kikomo cha mashine ziandike hivyo hivyo, usizigeuze sifuri. Unga uliobaki funga kwenye kichupa kikavu chenye lebo ya kalamu isiyofutika, ndani na nje, na uuhifadhi. Akija mtu kubisha, au mashine bora ikipatikana, unapimwa tena bila kurudi mtoni.